Kinyozi Hajinyoi (6): Kioo Chafunikwa Shuka

Kama wiki iliyopita hukunipata, usijali. Matatizo yangu hayajaenda mbali, yananisubiri hapa hapa.

Kwa kifupi: mke wangu, ambaye ni msusi, aliondoka, akabeba kila kitu isipokuwa kitanda, meza moja na kioo chake cha kujipambia. Hatukujaaliwa mtoto, kwa hiyo nyumba ikabaki na mimi na kioo. Haukupita muda bega langu la kulia likaganda, mkono ukawa haupandi kupita kidevu. Kinyozi asiyeinua mkono hubaki kunyoa ndevu, na wenye ndevu mtaani kwetu hawatoshi.

Mwenye saluni ni shemeji yangu, mdogo wake huyo huyo mke aliyeondoka. Tulipoachana mimi na wewe, alikuwa ameniita nyuma ya pazia.

"Shemeji," aliniambia, "mimi sikufukuzi. Bega ndilo linalokufukuza. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Ukiweza kunyoa kichwa kizima bila kupumzisha mkono, kiti chako. Ukishindwa, natafuta mtu."

Najua ulidhani nalilia unga. Unga ulikuwa jambo la pili. Nilikuwa nalilia kile kiti, kwa sababu ndicho watu wanachokuja kukalia wakaongea na mimi. Nyumbani kwangu hakuna anayeongea. Nikikosa kiti, nimekosa watu.

Hospitali walikuwa wamelinyoosha bega mpaka maumivu yakaisha, lakini lilibaki legelege. Mtaalamu wa viungo akaniambia, "Sasa lipe nguvu. Tafuta mtu akufundishe kuinua uzito juu ya kichwa, pole pole na kwa utaratibu wake. Ukijifundisha mwenyewe, utarudi hapa unalia."

Nikamkumbuka Kocha.

Kocha ni mama wa makamo aliyewahi kushindana kunyanyua vyuma, na ana ukumbi wake wa mazoezi nyuma ya gereji, si mbali na saluni. Ni mteja wangu. Kabla bega halijaganda, mimi ndiye niliyekuwa nikimnyoa ule upara wake. Lakini aliponifungulia mlango, sikumtambua.

"Samahani mama, namtafuta Kocha."

"Umempata."

"Kocha mwenyewe. Yule mwenye kovu kwenye nyusi."

Akaweka kidole kwenye kovu. Lilikuwepo, ila upande mwingine.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba sijawahi kumtazama huyu mama usoni. Nilimzoea kwenye kioo, na kioo hugeuza watu.

"Kinyozi," akasema, "wewe una tatizo kubwa kuliko bega."

Nikacheka. Nilidhani ni utani.

Siku ya kwanza nilivaa kaptula mpya, nimejiandaa kubeba chuma. Kocha akaenda nyuma ya mlango, akarudi na mpini wa ufagio.

"Hiki ndicho chuma chako."

"Kocha, mimi ni mtu mzima."

"Ndiyo maana. Mtoto akikosea anapona haraka."

Upande wa pili wa ukumbi kulikuwa na jibaba limebeba chuma kirefu chenye sahani nzito kila upande, linanguruma. Mimi na mpini wangu tukasimama mbele ya kioo kikubwa cha ukutani. Nilikichagua mwenyewe kile kioo. Hata sikufikiri, miguu ilikwenda yenyewe.

"Shika kwa upana wa mabega, zaidi kidogo tu," Kocha akaanza. "Chuma kilale kwenye kiganja, karibu na kifundo, kisilale vidoleni. Viwiko vikae chini yake. Kaza makalio."

"Makalio yanahusiana nini na bega?"

"Nyumba ikiinama, unalaumu paa? Kaza. Mbavu zisijitokeze mbele. Vuta pumzi, ishushe tumboni, ifunge. Sasa sukuma juu."

Nikasukuma.

"Mbona umekizungusha?"

"Nilikuwa nakiepusha na uso."

"Chuma hakizunguki, kinapanda wima. Uso ndio unaopisha. Rudisha kichwa nyuma kidogo, chuma kipite karibu na pua, kikishapita rudisha kichwa mbele kama unachungulia dirishani. Mabega yafuate juu mpaka masikioni. Hapo mkono umejifunga, na mzigo unakaa juu ya katikati ya nyayo zako."

Maisha yangu yote ya kazi nimeshika videvu vya watu, nikavigeuza huku na huku. Siku hiyo nikaambiwa nigeuze changu, kikagoma.

Nilirudi kesho yake, na kesho kutwa. Kila siku mpini wa ufagio. Kisha Kocha akanipa chuma kitupu, bila sahani hata moja, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

"Kushoto kunashuka," akasema nyuma yangu. "Pandisha."

Nikapandisha.

"Kushoto."

Nikapandisha zaidi.

"Kinyozi! Nasema kushoto, wewe unapandisha kulia!"

"Kushoto kwa nani?"

"Kwako! Kuna mtu mwingine hapa?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nilikuwa namrekebisha yule wa kwenye kioo, na kushoto kwake kuko upande wangu wa kulia. Nilikuwa namwonea huruma, namwambia kimoyomoyo, kaza bwana, tuko pamoja. Mimi mwenyewe nilijisahau kabisa.

Nikababaika, nikashusha chuma, nikakisukuma tena kwa hasira. Kichwa hakikurudi nyuma. Kingerudije? Nikirudisha kichwa, macho yanakwenda darini, nampoteza yule jamaa. Chuma kikanigonga kidevu, damu ikatoka.

Asubuhi niliingia saluni na plasta kidevuni. Bado nilikuwa nafagia na kukunja taulo, nikipata ndevu za kunyoa siku ikinijia vizuri. Kiti changu kilikuwa kimefunikwa taulo. Mwenzangu wa kiti cha pili alikuwa ameanza kunyoosha mabega yake kila asubuhi kabla ya kushika mashine. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

Mteja mmoja kwenye benchi akaiona plasta.

"Fundi, leo umejinyoa mwenyewe? Hukusikia kinyozi hajinyoi?"

"Sikujinyoa. Nimegongwa na chuma."

"Cha nani?"

"Changu."

Saluni nzima ikaangua kicheko. Na mimi nikacheka. Mwenzenu nilifurahi, maana ulikuwa umepita muda tangu nilipowachekesha watu. Nikageukia kioo ili niwaone vizuri wakicheka, na nilipowaona, wote walikuwa wameshageukia mambo yao.

Jioni nikarudi ukumbini. Kioo kikubwa hakikuwepo. Kilikuwepo, ila Kocha alikuwa amekifunika kwa shuka la maua kutoka juu mpaka chini.

"Kocha, kuna msiba?"

"Upo, wa kioo chako. Simama hapa, nigeukie mimi."

"Sasa nitajuaje kama nimenyooka?"

"Utasikia. Mwili una masikio."

Nikachukua chuma. Kilikuwa kile kile cha jana, sikuongezewa hata gramu. Nikavuta pumzi, nikafunga, nikasukuma. Kilipofika juu ya paji la uso, dunia ikayumba. Sikujua mimi niko wapi. Chuma kikaanza kunivuta mbele.

"Kiache!" Kocha akapiga kelele. "Kisukume mbele, rudi nyuma!"

Nikakiacha. Kikaanguka kwa kishindo mpaka lile jibaba likaacha kunguruma.

"Vizuri," Kocha akasema.

"Vizuri? Nimeshindwa!"

"Kushindwa nako kuna namna yake. Hujajivunja, hujajitia ushujaa. Sasa niambie. Ukiwa na mteja kitini, unaongea naye unatazama wapi?"

"Kwenye kioo. Kila kinyozi anafanya hivyo."

"Na mkeo, alipokuwepo?"

Nikainama kukiokota chuma.

"Nimekuwa nasimama nyuma yako siku zote hizi," Kocha akaendelea, na hakuwa anagomba tena. "Naongea na mgongo wako, na wewe unamjibu yule wa kwenye kioo."



Siku mke wangu anaondoka, nilikuwa nimesimama mbele ya kile kioo chake najifunga vifungo vya shati. Alikuwa mlangoni na mabegi. Nilimwona vizuri kabisa, nikaongea naye, nikamwomba abaki. Akasema, "Nimechoka kuongea na mgongo." Nikadhani ni maneno ya hasira. Niliyabeba mwezi baada ya mwezi bila kujua maana yake, nikaja kuelezwa nyuma ya gereji na mama mwenye upara.

Msomaji, sasa nakwambia jambo ambalo Kocha sikumwambia. Ukitaka kucheka, cheka, ila usinisimulie mtaani.

Kile kioo alichokiacha nilikitoa chumbani, nikakiweka mezani upande wa pili, kimeegemea ukuta. Nikila, nakula nacho. Nilianza kwa kusema ni cha kuangalia kama mdomo una masalia. Baadaye nikaanza kukisimulia habari za saluni. Baadaye zaidi nikaona haya kunywa chai mwenzangu akinitazama mikono mitupu, nikawa namimina kikombe cha pili, nakiweka mbele yake. Jioni namwaga, naosha, naanika vikombe viwili kama mtu mwenye familia.

Ndiyo hivyo. Nilikuwa mpweke kiasi hicho. Kuna upweke wa kukosa watu, huo watu wanauelewa. Wangu ulikuwa umefika mahali pa kuandaa kikombe.

Kocha akaniuliza siku hiyo hiyo, "Ukitoka hapa unakwenda kuongea na nani?"

"Na jirani," nikadanganya.

"Msalimie."

Nikaendelea kufanya mazoezi kioo kikiwa kimefunikwa. Mwanzoni nilikuwa kama mtoto anayejifunza kusimama. Kocha alikaa mbele yangu kwenye kigoda, ananitazama usoni, na mimi ilibidi nimtazame. Ilinisumbua kuliko chuma. Macho ya mtu hayafutiki kwa kitambaa, na hayasogei ukiyasogeza.

"Usitazame kovu. Nitazame mimi."

"Nakutazama."

"Sukuma."

Siku moja kichwa kikarudi nyuma chenyewe, chuma kikapita karibu na pua, kichwa kikachungulia dirishani, mabega yakapanda, viwiko vikajifunga. Uzito ukapotea. Ulikuwepo, lakini ulishuka kupitia mifupa mpaka nyayoni, ukaingia sakafuni, na mimi nikawa nimesimama tu chini ya kitu. Sikuhitaji kuangalia popote. Nilijua.

"Umesikia?" Kocha akauliza.

"Nimesikia."

Machozi yakanitoka, na mikono yote miwili iko juu. Sikuwa na cha kufutia.

Saluni nilianza kujipima kwa siri. Asubuhi kabla wateja hawajafika, nilishika mashine bila kuiwasha, nikazungusha mkono juu ya kiti kitupu, mbele, nyuma, utosini. Mkono ulipanda na ukakaa. Mwezi ulikuwa bado haujaisha, na kwa mara ya kwanza nilianza kuamini kwamba kiti kitarudi kwangu.

Hapo ndipo nilipotakiwa kujua. Mimi nikianza kuamini kitu, kitu hicho hakina siku nyingi.

Juzi Kocha akaongeza sahani mbili ndogo, moja kila upande.

"Leo hatuhesabu mara ngapi," akasema. "Unainua mara moja, unashikilia. Juu kule unaweza kuvuta vipumzi vidogo, mikono ikibaki imefungwa. Usishushe mpaka niseme shusha. Kwenye mashindano, mtu anayeshusha kabla ya kuambiwa, hata kama aliinua mlima, hakuinua kitu."

"Na ukisahau kusema?"

"Sijawahi kusahau."

Nikafunga pumzi. Kichwa nyuma. Chuma kikapanda, kichwa dirishani, viwiko vikalia kuonyesha vimekaa mahali pake. Nikamtazama Kocha usoni, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Mlango wa ukumbi uko nyuma ya kigoda chake. Ukafunguliwa, akaingia shemeji.

"Shemeji, upo? Nimekutafuta nyumbani, nimekutafuta saluni. Naona mkono umepanda, hongera sana." Hakuwa na sauti ya hongera. "Ila nimeona nikuambie mwenyewe usije ukasikia kwa watu. Kiti nimeshampa mtu."

Mwezi haujaisha, nilitaka kusema. Umenipa neno lako. Kinywa hakikufunguka, nilikuwa nimeshikilia pumzi.

"Ungekuwa wewe ungefanyaje?" shemeji akaendelea, huku anasogea pembeni. "Ni damu yangu."

Nyuma yake alikuwa amesimama mke wangu.

Amekonda kidogo. Nywele amesuka ndogo ndogo, na nilikuwa sijui kwamba ana alama ya kuzaliwa chini ya sikio la kushoto, kwa sababu siku zote niliiona upande wa pili.

Kocha hakugeuka. "Shikilia," akaniambia kwa sauti ndogo.

"Usimtishe, dogo," mke wangu akamwambia mdogo wake. "Kiti sijakikubali bado." Kisha akanigeukia. "Nilikuja kwa ajili ya kazi, sitakuficha. Nikapita nyumbani kwanza, ufunguo bado ninao. Nikasema nikikuta umeishi kama mtu aliyenikumbuka, kiti nakuachia, mimi nitasukia watu kwenye benchi, tutazungumza pole pole. Nikafungua mlango."

Akapiga hatua moja karibu. Nikakaza makalio, kama nilivyofundishwa.

"Nimekikuta kioo changu mezani, kimewekwa vizuri, kimefutwa vumbi. Mtu anajitazama hapo kila siku. Na kuna vikombe viwili, vyote vya leo, kimoja bado kina chai."

Sijawahi kutamani kioo kama nilivyokitamani dakika ile. Nikatupa jicho pembeni, likakutana na shuka la maua. Hapakuwa na pa kutazama ila usoni kwake.

"Nauliza swali moja tu," akasema. "Nani anakunywa chai na wewe kwenye meza yangu?"

Shemeji akatazama viatu vyake. Mke wangu akamtazama Kocha, upara wake, mikono yake iliyojaa, kigoda alichokalia karibu nami.

"Ni huyu?"

Kocha hakujitetea. Hata macho hakuyahamisha kutoka kwangu. "Chuma usishushe," akasema. "Lakini mjibu. Mjibu ukimtazama."

Kila mwanamume aliyewahi kuulizwa swali lile ana jibu moja, na kila mwanamke amelisikia mpaka amelichoka. Mimi mwenzenu nilitafuta jibu lingine, nikalikosa. Nikavuta kipumzi kidogo, nikamtazama mke wangu machoni, mimi mwenyewe, bila kioo, kwa mara ya kwanza sijui tangu lini.

"Hakuna mtu," nikasema.

Akanitazama. Halafu akageuka, akaanza kutembea kuelekea mlangoni, na Kocha alikuwa bado hajasema shusha.